Upele unanirudia kila mwaka, sasa mke wangu kahamia sebuleni

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisitiri jina. Mimi ni kijana wa miaka 34, kwetu Newala, ila huu ni mwaka wa nne niko Durham, North Carolina. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutunza viwanja vya watu: tunakata nyasi, tunapogoa miti, tunafyeka vichaka kando ya uzio. Kazi yenyewe siiogopi, jembe na panga nimezaliwa navyo. Kinachonishinda ni upele.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Mwaka wa pili, mwezi wa sita, tulifyeka uzio mmoja uliokuwa umefunikwa kabisa na mimea inayotambaa. Siku mbili baadaye mikono ikaanza kuwasha, vikatoka vipele vimejipanga mstari kama mtu kanichora na kalamu, kisha vikawa malengelenge yenye maji. Kuwasha kwake, Shangazi, upupu ni mchezo. Nilikuwa naamka usiku najikuna na kitana. Kliniki ya kwanza niliyokwenda waliniambia ni upele ule wa wadudu, wakanipa dawa ya kujipaka mwili mzima, haikusaidia. Nikitafuta picha mtandaoni naona ngozi za Wazungu zimekuwa nyekundu, yangu mimi ilikuwa ya zambarau inayoelekea kuwa nyeusi. Ni mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Guatemala, aliyenionyesha jani akaniambia, "Ndiye huyu, poizoni aivi." Yeye analing'oa kwa mikono mitupu na hapati hata kipele kimoja!

Tangu hapo imenipata mara tano. Mwaka huu mwezi wa tano nilivimba mpaka jicho moja likafumba. Nikapewa vidonge vya siku sita, siku ya kwanza sita, ya pili tano, hivyo hivyo mpaka kimoja. Siku ya tatu nilikuwa mzima. Siku mbili baada ya kumaliza kile cha mwisho, upele ukarudi na nguvu kuliko mwanzo. Na kinachonitia wazimu zaidi ni hiki: mwezi wa kwanza, baridi kali, miti yote mitupu, hakuna jani hata moja, ulinitoka shingoni na mikononi. Sikugusa jani lolote.

Sasa mwezi uliopita na mke wangu umempata, mikononi na tumboni. Anasema nimemwambukiza. Kamchukua mtoto, wanalala sebuleni, na mimi nikipita anavuta blanketi. Mama yangu kwenye simu anasema kazini kuna watu hawanitakii mema, anataka kunitumia dawa. Ananikumbusha utotoni tulivyokuwa tukibangua korosho, mikono ikiungua, akinipaka majivu. Nimejaribu majivu. Nimejaribu mafuta ya nazi. Halafu juzi nimekula embe, nimelimenya kwa meno kama siku zote, kesho yake midomo imevimba na inawasha. Embe, Shangazi! Nimekula maembe maisha yangu yote.

Damu yangu imeharibika? Niache kazi? Wiki ijayo bosi anataka tuchome rundo kubwa la mimea tuliyoikata, na ndani yake aivi imo tele.

Mwanao wa Newala, Durham

* * *

Marahaba mwanangu. Kabla ya mengine yote: hilo rundo usilichome, na usisimame upande upepo unakoelekea kama mwingine analichoma. Mafuta ya aivi yanapanda na moshi yakiwa yamegandia kwenye chembe za masizi. Ukiyavuta, upele uliouona mkononi unatokea kooni na kwenye mapafu, na huko hakuna pa kukuna. Watu wamelazwa hospitali kwa moto wa namna hiyo. Mwambie bosi leo, si siku ya kazi, na mwandikie ujumbe wa simu ili ubaki. Mimea hiyo itiwe kwenye mifuko, au iachwe ikauke pembeni pasipopita watu, na hata ikikauka bado isichomwe. Ukishamwambia, rudi tuzungumze.

Umenieleza mambo matano ukidhani ni matano. Vidonge vilivyoshindwa, upele wa Januari, mkeo, embe na korosho za mama yako, yote hayo ni jambo moja, na jambo lenyewe ni mafuta.

Aivi ni ya ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Si mfano, ni ukoo kweli: wataalamu wa mimea wameiweka pamoja, na jina la ukoo huo la Kilatini linatokana na mkorosho. Ndani ya majani, shina na mizizi ya aivi kuna utomvu wenye mafuta yanayoitwa urushioli, jina lililotoka kwenye neno la Kijapani la utomvu wa mti mwingine wa ukoo huo huo, ambao Wajapani huutumia kung'arishia vyombo. Ganda la korosho lina mafuta yanayofanana sana nayo, ndiyo yale yaliyokuwa yakikuunguza vidole ukibangua na mama. Ganda la embe na utomvu wa kikonyo chake una jamaa yake pia. Mwili wako ukishamkariri mmoja wa ukoo, huwa unawashuku wote. Ndiyo maana midomo imevimba leo kwa embe ambalo zamani halikukufanya kitu.

Kwa hiyo damu yako ni nzima. Huu ni mzio. Kinga ya mwili wako imekosea kumtambua adui, na inapigana na ngozi yako mwenyewe kwa sababu ina mafuta juu yake. Mwaka wa kwanza hukuona kitu kwa kuwa mzio hujifunza kwanza, mwili unamtazama mgeni na kumkariri sura. Akirudi, unamvamia ndani ya siku moja hadi tatu, na kadiri mnavyokutana ndivyo unavyowahi. Mwenzako wa Guatemala ni katika wale wachache ambao miili yao haijali. Mwambie asitambe sana, maana hali hiyo hubadilika na mtu akashtukia ana umri wa miaka 50.

Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea mama, na mpelekee kwa adabu, usimcheke. Mwambie, "Mama, huku kuna ndugu yake mkorosho anayetambaa." Mwanamke aliyebangua korosho ataelewa haraka kuliko madaktari wengi. Majivu yake nayo yalikuwa na maana yake: yalipakwa kabla ya kazi, yakawa ukuta kati ya ngozi na mafuta. Wewe umeyapaka baada ya upele kutoka, ni sawa na kufunga zizi ng'ombe wameshalala porini. Mafuta ya nazi ndiyo mabaya zaidi ukiyapaka siku ile ile, kwa sababu yanayachukua mafuta ya aivi na kuyatandaza mahali ambapo hayakuwepo.

Sasa Januari. Unasema hukugusa jani, nami nakuamini. Je, hukugusa shina? Aivi iliyokomaa hupanda mti kama kamba nene, na kamba hiyo ina vijizizi vingi vyekundu-kahawia kama nywele, utadhani mkia wa mnyama umebandikwa kwenye gome. Wakati wa baridi haina jani la kukuonya, ila mafuta yako ndani vile vile. Umekata kuni? Umebeba magogo begani? Shingo na mikono, ndipo gogo linapokaa. Na kama hukubeba kuni, nitakuuliza ulivaa koti gani, buti gani, ulishika mkasi gani wa kupogolea, maana mafuta haya hayakauki yakaisha kama maji. Hukaa kwenye mpini wa chombo miezi, hata miaka, yakimsubiri atakayeushika.

Hapo ndipo tunafika sebuleni.

Mkeo amekosea nusu na amepatia nusu. Yale maji ya kwenye malengelenge hayaambukizi mtu, hata yakipasuka juu ya mkono wake. Hayana urushioli ndani, ni maji ya mwili wako tu. Unaweza kumshika, kulala naye na kumbeba mtoto ukiwa umejaa vipele, mradi umeoga. Upele hauenei kwa kujikuna pia. Unaonekana kama unaenea kwa sababu penye ngozi nyembamba au palipopata mafuta mengi hutangulia, kwingine hufuata siku tatu au nne baadaye. Lakini tazama mkeo alipowashwa. Mikononi na tumboni. Ni nani anayebeba kapu la nguo zako chafu, akiliegemeza tumboni, mpaka kwenye mashine ya kufulia? Umeleta mafuta nyumbani kwenye suruali ya kazi, yeye akayakumbatia. Nenda sebuleni ukamwombe radhi. Si kwa ugonjwa, kwa nguo.

Na radhi hiyo ionekane kwa vitendo. Kuanzia leo nguo za kazi unazivulia mlangoni au bafuni, unazitia mwenyewe kwenye mfuko, unazifua mwenyewe peke yake kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, na mtoto humgusi kabla hujaoga. Buti hazivuki kizingiti. Kisha uchukue Jumamosi moja, uvae glavu, ushike chupa ya spiriti na vitambaa vya kutupa, upanguse kila unachokishika ukiwa kazini: mipini, mkasi, kufuli la sanduku la vifaa, usukani na mkono wa mlango wa gari, buti pamoja na kamba zake, mkanda, kofia, kasha la simu. Kamba za buti watu husahau. Unazifungua jioni kwa vidole vile vile ambavyo baadaye unafikicha jicho, na jicho lako lililofumba mwezi wa tano silishangai. Kama mna mbwa anayezurura vichakani, naye aogeshwe, na anayemwogesha avae glavu.

Kuoga kwenyewe kuna saa yake. Mafuta haya yanaingia kwenye ngozi haraka: ukinawa ndani ya dakika 10 unaweza kuondoa karibu nusu, ikipita nusu saa unaondoa kidogo tu. Kwa hiyo kusubiri mpaka jioni ufike nyumbani ni kuchelewa, ingawa bado uoge, kwa sababu yaliyobaki juu na chini ya kucha yatasafiri. Weka garini galoni la maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kitambaa cha kukwaruza kidogo. Tatizo la mikono si sabuni gani, ni kwamba watu hujimwagia tu. Fikiria umeshika grisi ya gari ambayo haionekani. Ungesugua, ukasuuza, ukasugua tena, mpaka katikati ya vidole. Fanya hivyo hivyo, mara tatu, na maji ya mwisho yawe mengi.

Ukiwa kazini, kile kimashine cha kufyekea chenye uzi unaozunguka ndicho kinachokupaka kuliko mikono yako. Kinasaga majani na kukurushia utomvu kama mvua ya rasharasha, kuanzia vifundoni mpaka usoni. Mahali penye aivi kisitumike, na pakibidi, suruali ndefu, mikono mirefu, kioo cha usoni, na glavu nene. Zile glavu nyembamba za lateksi, za kama tulizokuwa tukivaa wodini, urushioli hupenya.

Umjue na adui kwa sura. Jani lake lina vijani vitatu kama jani la kunde, cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Likichipua huwa jekundu na linang'aa, kiangazi ni la kijani, majira ya majani kupukutika linageuka jekundu zuri mpaka watu hulichuma kwa mapambo. Matunda yake ni meupe-meupe, madogo. Ukiona mmea unaotambaa wenye vijani vitano, huo ni mwingine. Ukiwa na shaka, vaa glavu, likunje jani ndani ya karatasi nyeupe, liponde kwa jiwe: likiwa aivi, doa la utomvu litageuka jeusi dakika chache baadaye. Wewe uliyewahi kuharibu shati jeupe kwa utomvu wa embe huhitaji nikueleze zaidi.

Na usitegemee itapungua. Hapo hapo Durham, kwenye msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, watafiti waliwahi kuongeza hewa ya kaboni-dayoksidi kati ya miti ili waone mimea itafanyaje, na mwaka 2006 wakatoa matokeo: aivi ilinenepa kwa kasi kuliko kawaida, na urushioli yake ikawa kali zaidi. Katika misitu yote ya dunia, ni jirani yako.

Vidonge. Ulivyovieleza, vikipungua kimoja kila siku, ni dawa za jamii ya steroidi, na kwa aivi iliyokamata mwili vizuri siku sita hazitoshi. Dawa hutuliza mapigano, haiondoi sababu yake, na mwili unaendelea kupigana wiki mbili hadi tatu. Ukiiacha siku ya sita, unaiachia vita katikati, nayo inarudi kwa kishindo kama ulivyoona. Kwa upele mkubwa, madaktari wanaoujua hutoa steroidi kwa wiki mbili hadi tatu, wakipunguza polepole. Safari ijayo, sema wazi: "Mara ya mwisho nilipewa siku sita, ukarudi siku ya nane." Usiongeze dozi kwa kuazima vidonge vya rafiki. Na kuna jambo ambalo daktari wa Kimarekani huenda asikuulize: mwambie umezaliwa na kukulia wapi, kama uliwahi kuugua au kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, na kama uliwahi kupimwa minyoo. Steroidi za muda mrefu zinaweza kuamsha TB iliyolala, na kuna aina ya minyoo ya kwetu, strongiloidi, inayokaa tumboni miaka kimya kimya kisha hulipuka kinga ikishushwa. Kama una kisukari au presha, nalo liseme.

Upele mdogo hauhitaji vidonge. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi robo saa, mara kadhaa kwa siku, ndiyo dawa iliyo bora na ya bure. Losheni ya kalamini. Krimu ya haidrokotisoni ya 1% isaidie siku za mwanzo. Krimu za kuondoa mwasho zenye dawa ya mzio ndani yake au ya kutia ganzi ziache dukani, zenyewe huweza kukuletea mzio wa pili. Maji ya moto yanapendeza dakika ile ile, najua, kisha mwasho unaamka mara mbili. Na kitana kirudi kichwani, kwa sababu kucha na kitana ndivyo vinavyoingiza vijidudu.

Ukiona usaha, homa, uvimbe wa uso au macho, upele sehemu za siri, au umefunika robo ya mwili, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana, hasa baada ya moshi, piga 911.

Kuhusu rangi umesema kweli. Kwenye ngozi yetu aivi haiwi nyekundu kama ya picha, huwa ya zambarau, kahawia iliyokolea, hata kijivu, na huko kliniki walikosea kwa sababu hiyo kama nadhani. Waonyeshe mistari, upele wa wadudu haujipangi hivyo. Ikipona itakuachia madoa meusi kwa miezi kadhaa. Yataondoka yenyewe. Usije ukashawishiwa mkorogo na yeyote, hapo Durham wala kwa mzigo kutoka nyumbani.

Kuacha kazi? Sioni sababu bado. Jaribu msimu mmoja na haya niliyokuambia, na muombe bosi akupe nyasi za wazi, uzio wafyeke wengine, mwanzo na huyo ndugu wa Guatemala. Kama bado utafumba jicho, basi tafuta kazi ya ndani, hakuna aibu. Au fuga mbuzi. Sitanii, mbuzi wanaila aivi kama mchicha bila kudhurika, na kuna Wamarekani wanaokodisha makundi ya mbuzi kusafisha viwanja. Mtu wa Newala kuchunga mbuzi Durham kwa dola, mama yako angechekaje! Ila usiwapapase, manyoya yao yatakuwa yamejaa mafuta.

Embe usiliache. Nyama yake iliyoiva ndani haina neno kwa walio wengi, shida iko kwenye ganda na utomvu. Liosheni, limenywe kwa kisu, ulile kwa uma, meno yasiguse ganda. Wa kumenya asiwe wewe, na asiwe mkeo pia, maana naye sasa yumo. Tafuteni jirani, au vaeni glavu nyote wawili mmenye pamoja.